Tamthilia za hospitali zimempa daktari zamu, mgonjwa zikamwachia benchi

JUMA lililopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea pendekezo lake la utafiti. Anataka kuhakiki The Pitt, tamthilia ya Marekani ambayo vijana wetu huitazama kwenye simu usiku kucha utadhani wao ndio walio zamu hospitalini. Pendekezo lenyewe lilikuwa zuri. Tatizo lilikuwa ukurasa wa kwanza, pale alipoandika kwamba matukio yote yanatokea katika "chumba cha wagonjwa mahututi".

Nikamwambia, "Hapa umekosea mlango."

"Kwani, Profesa, kasualti tunaiitaje kwa Kiswahili?" akaniuliza.

Swali fupi, lakini limenisumbua wiki nzima. Mpenzi msomaji, kosa hilo si lake peke yake. Hata magazetini na runingani utasikia mtu "amekimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi" ilhali ndiyo kwanza amefikishwa langoni. Chumba cha mahututi ni cha ndani kabisa. Anayeingia humo amekwisha kuonwa, amekwisha kupimwa, na ana kitanda na mashine zake. Kasualti ni ya mlangoni. Ndipo anapofika kila mtu: aliyegongwa na pikipiki, mtoto mwenye homa, mlevi aliyepasuka kichwa, na mzee ambaye hajui anaumwa nini ila anajua kwamba leo si kama jana. Jina linalofaa ni kitengo cha dharura.

Lakini hebu tulitazame hilo neno dharura. Lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni ulazima, jambo lisiloepukika. Mswahili anapokosa kufika kwenye mkutano husema, "Nilipata dharura." Hakuna anayemwuliza dharura hiyo ina uzito wa kilo ngapi. Katika lugha yetu, dharura ni mali ya aliyepatwa nayo. Hospitalini mambo ni kinyume. Pale mlangoni ameketi muuguzi ambaye kazi yake ni kuamua dharura yako ni dharura kweli, au inaweza kungoja hadi ya mwenzako iishe. Hana hila yoyote. Hivyo ndivyo kazi hiyo inavyofanywa duniani kote, kwamba atangulizwe aliye karibu zaidi na kifo, si aliyewahi kufika. Basi kuna dharura mbili, aliyokuja nayo mgonjwa na ile atakayokubaliwa. Kati ya hizo mbili pana benchi. Leo nataka tulizungumze benchi hilo, na jinsi kamera zinavyolipita mbio.

Nalijua benchi hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka kakangu mkubwa katika hospitali moja ya umma, saa mbili za usiku, akilalamikia tumbo. Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Muuguzi, binti mdogo aliyeonekana hajala tangu asubuhi, alimkaribisha kwa adabu zote: "Shikamoo mzee, unaendeleaje?" Naye kakangu, mtu wa kizazi cha wale wasiolalamika mbele ya mtoto wa mwenzao, akajibu, "Marahaba mwanangu, sijambo. Ni tumbo tu, kidogo." Yule binti akaandika. Tukaelekezwa kwenye benchi.

Tulikaa hapo hadi karibu saa kumi alfajiri, ndipo ikagunduliwa kwamba kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Alipasuliwa, akapona, na hadi leo hutucheka. Mimi nilitoka pale na somo la isimu ambalo sikuwa nimelisoma chuoni. Kiswahili kinamfunza mtu kusema hajambo hata akiwa na jambo kubwa. Sijambo ni ukanushi; maana yake sina jambo. Mtu anaweza kuketi kwenye benchi saa nane kwa sababu ya neno moja la adabu. Hata leo simlaumu yule binti, alikuwa mmoja na sisi tulikuwa mamia. Lakini tangu siku hiyo kila ninapotazama tamthilia ya hospitali, jicho langu humwacha daktari likaenda kumtafuta aliyekaa nyuma, akisema "kidogo tu".

Mara nyingi simpati. Hebu tutazame historia kwa ufupi. Mwaka 1970 Mmarekani Frederick Wiseman alitoa filamu ya hali halisi iitwayo Hospital, aliyoipiga katika hospitali ya Metropolitan jijini New York. Haina msimulizi wala muziki wa kukuambia ulie wapi. Katika mojawapo ya mandhari zake utamwona daktari akiwa kwenye simu, akiteta na hospitali iliyomtuma mgonjwa bila maandalizi, kana kwamba ni mzigo wa kuhamishwa kutoka ghala hadi ghala. Miaka 16 baadaye, mwaka 1986, Marekani ilipitisha sheria inayozilazimisha hospitali zinazopokea fedha za mpango wa serikali wa Medicare kumpima na kumtuliza kila anayefika kitengo cha dharura, awe na pesa au asiwe nazo. Sheria hiyo ilifungua mlango wa mbele. Haikuongeza kitanda hata kimoja wodini. Tafadhali likumbuke hilo, tutalirudia.

Kisha mwaka 1994 ikaja ER, tamthilia iliyotokana na mswada ambao Michael Crichton alikuwa ameuandika miaka 20 kabla, na iliyoendelea hadi 2009 kwa vipindi 331. Waliokuwa na runinga miaka ile wanaikumbuka: milango inafunguliwa kwa kishindo, kitanda cha magurudumu kinakuja mbio, kamera inakimbia nacho, daktari anataja dawa ambazo huzielewi lakini moyo wako unadunda. Ilikuwa kazi ya kuvutia. Hospitali yake ya kubuni jijini Chicago ilikuwa imejaa daima, sikatai. Lakini umati ule ulikuwa mandhari tu, kama miti nyuma ya mpiga mbio. Mgonjwa aliyepewa jina na hadithi ni yule aliyekuwa amekwisha kupata kitanda.

Namna hiyo ya kusimulia huacha alama vichwani mwa watazamaji. Mwaka 1996 watafiti watatu walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine uchunguzi wa vipindi 97 vya ER, Chicago Hope na Rescue 911. Walihesabu visa 60 vya watu waliosukumwa vifua baada ya moyo kusimama. Kwenye skrini, asilimia 75 walizinduka papo hapo, na asilimia 67 walielekea kupona hadi kurudi nyumbani. Uhalisia uko chini sana ya hapo. Runinga ilikuwa imewafundisha watu kwamba ukifika tu mlangoni, umepona.

Sasa tuje kwa The Pitt, iliyoanza kuonyeshwa Januari 2025 na mwezi Septemba mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno. Pitt ni kifupi cha mji wa Pittsburgh, lakini kwa sauti ni shimo. Mfasiri wa Kiswahili hapo ameshindwa kabla ya kuanza: akisema "Shimo" ameupoteza mji, akiuacha mji amelipoteza shimo. Mhusika mkuu, Daktari Robby, anaigizwa na Noah Wyle, yuleyule aliyekuwa daktari mwanafunzi katika ER. Aliingia kijana mwenye kinyozi, sasa ana ndevu za mvi na macho ya mtu asiyelala.

Msimu wa kwanza una vipindi 15, na kila kipindi ni saa moja ya zamu moja, kuanzia saa moja asubuhi. Muziki wa kuchochea hisia ni haba mno. Kwa mtu anayefundisha usimulizi hili ni jambo la kufurahisha: wakati wa hadithi na wakati wa kusimulia vinakaribia kulingana. Saa haiwezi kurukwa. Mgonjwa aliyeachwa kwenye kipindi cha kwanza bado yupo kwenye cha tano, na huenda hali yake imebadilika. Pia lugha imezingatiwa: yupo mgonjwa anayezungumza Kinepali, na kabla ya kutibiwa inabidi kwanza ijulikane anasema nini. Sijaona tamthilia nyingi zinazokiri kwamba lugha ni kifaa cha matibabu.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba tamthilia hii inasema wazi msongamano unatoka wapi. Tangu saa ya kwanza Robby anazozana na msimamizi wa hospitali. Msimamizi analalamika kwamba wagonjwa hawaridhiki na huduma. Robby anajibu kwamba vitanda vyake vimekaliwa na watu ambao walipaswa kuwa wamepandishwa wodini. Wahudumu wa Marekani wana neno lao kwa mgonjwa wa aina hiyo. Sisi hatuna, kwa hiyo nitamwita mlazwa wa karatasi: fomu zinasema amelazwa, mwili wake bado uko koridoni. Wataalamu wa tiba ya dharura wamelisema hili kwa miaka mingi. Kinachojaza kitengo cha dharura zaidi si wenye mafua waliokuja bila sababu. Ni kukosekana kwa kitanda na muuguzi kule juu. Maji hayajai kwenye beseni kwa kuwa mfereji ni mkubwa, hujaa kwa kuwa tundu la chini limeziba.

Hayo yote ni sifa zake, na nimeyasema kwa moyo mkunjufu. Sasa niseme panaponiuma.

Kiswahili kina neno zamu, na neno hili lina nyuso mbili. Daktari yuko zamu, yaani ni saa zake za kazi. Mgonjwa naye anangoja zamu yake, yaani nafasi yake ya kuhudumiwa. Kiingereza kina maneno mawili tofauti hapo, wala mtumiaji wake haoni uhusiano wowote. Sisi tunaona. Neno letu linawaweka watu wawili kwenye pande mbili za mlango mmoja na kutukumbusha kwamba zamu ya mmoja ndiyo inayoleta zamu ya mwingine. Nikitumia neno hilo kama mizani, The Pitt imepima upande mmoja tu. Saa zote 15 ni zamu ya daktari. Tunajua Robby amekunywa kahawa ngapi, anamlilia nani, na mwalimu wake alifariki vipi wakati wa korona. Ya mgonjwa aliye kwenye benchi tunaipata kwa vipande, daktari anapopita.

Mfano bora ni mtu aitwaye Doug Driscoll. Alikuja na maumivu ya kifua. Akapimwa vipimo vya mwanzo, akarudishwa kungoja. Kila anapotokea kwenye skrini, saa zimekwenda na hasira imepanda. Mwishowe, mnamo kipindi cha tisa, anamfuata nje Dana, muuguzi kiongozi wa zamu, anampiga ngumi ya uso na kwenda zake. Kitendo hicho ni cha kinyama, na ni kweli kwamba wauguzi hupigwa kazini. Sina neno juu ya hilo. Ninalouliza ni la kiufundi: kwa nini mtu pekee tunayemfuatilia kwa saa nyingi katika kungoja kwake ndiye anayegeuzwa kuwa ngumi? Hatukuketi naye. Hatujui alimpigia nani simu, alikosa kazi ipi siku hiyo, alimwomba nani amchukulie mtoto. Tulimwona kwa macho ya wanaomwogopa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwandishi ambaye hajaliketia benchi atawajua walioketi hapo kama kelele tu.

Najua nitajibiwa: "Profesa, nani atatazama watu wameketi?" Kungoja hakuna matukio. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana tamthilia huishi kwa vitendo. Lakini Samuel Beckett aliwaweka watu wawili jukwaani wakingoja, na dunia imewatazama kwa miaka zaidi ya 70. Tena kwa suala hilihili la hospitali kuna jibu lililokwisha kupigwa filamu.

Mwaka 2012 Peter Nicks alitoa The Waiting Room, filamu ya hali halisi kuhusu hospitali ya umma ya Highland huko Oakland, California. Jina linasema yote: ni chumba cha kungojea. Kamera imekaa upande wa benchi. Yupo baba mwenye binti mdogo anayeumwa koo na homa. Yupo fundi wa kutandaza mazulia ambaye mgongo wake umeharibika, naye bila mgongo hana mshahara. Yupo kijana mwenye uvimbe aliyehitaji upasuaji na hana bima. Mhudumu wa mapokezi anawaita, anawatania, anawakemea, anawabembeleza, siku nzima. Hakuna shujaa anayekimbia. Hata hivyo nilipoitazama sikuondoa jicho, kwa maana kila anayengoja anapiga hesabu kichwani: nikae, au nirudi nyumbani na ugonjwa wangu?

Kuna sehemu ndani yake ambayo nafikiri inafundisha zaidi ya hotuba zote za Robby. Daktari ana mgonjwa ambaye kitabibu angeweza kuondoka, lakini hana pa kwenda. Akimtoa, anamtupa barabarani. Akimwacha, kitanda kimekaliwa na mwingine ataendelea kungoja. Daktari anasimama hapo, na sisi tunaiona foleni nzima kupitia mtu mmoja asiye na nyumba. Hapo zamu mbili zimekutana kwenye kitanda kimoja.

Mtu atauliza, haya ya Oakland na Pittsburgh yanatuhusu nini Wakenya? Yanatuhusu kwa sababu ndiyo tunayoyatazama. Anayejifunza hospitali kutoka kwenye skrini huja na mafunzo mawili: kwamba daktari ni shujaa asiyelala, na kwamba anayelalamika foleni ni mkorofi. Akiwa na mafunzo hayo mawili, siku akikaa kwenye benchi yeye mwenyewe ataona aibu kusema anaumwa, au atamrukia muuguzi. Hatauliza swali la maana, yaani vitanda viko wapi.

Sisi tulipaswa kulijua swali hilo. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2015, nchi nzima ilisikia habari za mtu aliyegongwa na gari, akakaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Dharura yake hakuna aliyeibisha. Kilichokosekana ni kitanda cha ndani.

Ndipo nilipomkumbuka mwanafunzi wangu. Nilimwambia amekosea mlango, na kwa kamusi amekosea kweli. Lakini kosa lake limebeba ukweli ambao sikuuona pale ofisini. Chumba cha dharura na chumba cha mahututi si kitu kimoja, ila ni bomba moja. Kile cha ndani kikijaa, cha mlangoni kinajaa. Cha mlangoni kikijaa, ambulensi inageuka kuwa wodi. Tamthilia itakayolionyesha bomba hilo zima, tangu benchi hadi kitanda cha mwisho, bado sijaiona.

Nimemrudishia pendekezo lake na maelekezo matatu. Kwanza, arekebishe istilahi: ni kitengo cha dharura. Pili, asihesabu tu wagonjwa wangapi wametibiwa katika The Pitt, apime pia ni dakika ngapi kamera imekaa na aliye kwenye benchi bila daktari kuwepo. Nadhani takwimu hiyo itamshangaza. Tatu, kwa kuwa ananiambia anaandika tamthilia zake mwenyewe, siku moja atuandikie yetu. Aanze na mzee mmoja saa mbili za usiku, tumbo limemkaza, binti wa watu amemwamkia kwa heshima, naye anafungua kinywa ajibu. Watazamaji wamsikie akisema sijambo, wajue kwamba anadanganya, na washindwe kumsaidia.

Wahenga wetu walituachia methali mbili kuhusu kungoja, na waliziacha zipingane kwa makusudi. Subira huvuta heri, walisema. Kisha wakaongeza: ngoja ngoja huumiza matumbo. Kakangu aliishi ile ya pili usiku kucha, neno kwa neno. Ya kwanza ameibandika sebuleni kwake, na kila nikimtembelea hunionyesha kovu kisha akanionyesha ukuta.